Barua ya wazi kwa Rais wa UCI: mwendesha baiskeli apewe haki ya kukataa gurudumu

Kwa Mheshimiwa David Lappartient,
Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI),
Aigle, Uswisi.

Mheshimiwa Rais,

Nakuandikia nikiwa fundi wa baiskeli za mashindano mjini Arusha. Nimechagua barua ya wazi, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa jambo ninalolileta linawagusa pia mafundi na waendeshaji wa ukanda huu ambao hawana kiti katika vikao vyenu. Septemba 2025 mlileta Mashindano ya Dunia ya barabarani mjini Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na katika mkutano mkuu uliofanyika mjini humo humo ukachaguliwa kuongoza kwa muhula wa tatu, kwa hiyo naamini kwamba barua kutoka upande huu haitakushangaza. Ombi langu ni moja. Kanuni za UCI zitamke waziwazi kwamba hakuna mkataba wa udhamini unaoweza kumlazimisha mwendesha baiskeli wa kulipwa kutumia tairi, rimu, breki au kofia ambayo yeye na fundi wake wanaona si salama kwa njia na hali ya hewa ya siku hiyo, na kwamba akikataa asikatwe mshahara wala kuachwa nje ya kikosi kwa sababu hiyo.

Najua jibu la kwanza litakalotolewa, nalo lina uzito. Timu za baiskeli haziuzi tiketi, maana barabara haina lango. Fedha za haki za televisheni hubaki kwa waandaaji, kama ilivyo kwa kampuni ya ASO inayomiliki Tour de France, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha zinazolipa mishahara ya waendeshaji hutoka mfukoni mwa wadhamini, na mtengenezaji wa baiskeli mara nyingi hutoa vifaa pamoja na fedha taslimu. Afrika inalijua hili kwa uchungu. Timu ya MTN-Qhubeka, ambayo mwaka 2015 ilikuwa ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kushiriki Tour de France, na ambayo mwaka huo ilimwona Daniel Teklehaimanot wa Eritrea akivaa jezi ya madoa mekundu ya mpanda milima, ilibadilisha jina kila mdhamini mkuu alipobadilika, mpaka mwishoni mwa 2021 ilipokosa fedha za kuendelea. Biniam Girmay, naye wa Eritrea, alishinda hatua tatu za Tour ya 2024 na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi akiwa na Intermarché-Wanty. Mwaka uliofuata timu hiyo ikatangaza kuungana na Lotto, naye akahamia kwingine. Timu ya Arkéa-B&B Hotels nayo ilifunga milango mwishoni mwa 2025 baada ya wadhamini wake kujiondoa. Anayeomba mdhamini apunguziwe nguvu lazima kwanza aeleze timu zitaishi kwa kitu gani.

Jibu langu ni kwamba uhuru ninaouomba upo tayari, ila unauzwa. Timu zenye fedha huununua kila msimu, na kila mtu aliye karibu na mchezo huu anajua. Bradley Wiggins alishinda Tour ya 2012 na Chris Froome ile ya 2013 wakiwa Team Sky, iliyokuwa ikipewa vifaa na Shimano, lakini miguu yao ilizungusha meno ya mbele ya Osymetric yasiyo mviringo kamili, kwa sababu ndivyo walivyotaka wenyewe. Miaka michache baadaye timu hiyohiyo, ikiitwa Ineos, ilikuwa ikifunga magurudumu mepesi ya Lightweight katika siku za milima ingawa mdhamini wake alikuwa na magurudumu yake. Katika mbio za Paris-Roubaix za Ufaransa, ambako mawe ya barabara hupasua kila kitu dhaifu, ni desturi ya miaka mingi kuona tairi ambalo jina lake limefutwa kwa wino mweusi ili mdhamini asione aibu. Wadhamini hao hawakukimbia, wala timu hizo hazikufa kwa sababu hiyo. Waliokosa nafasi ni waendeshaji wa timu ndogo, ambazo bajeti yake hairuhusu kununua kifaa cha pili pale ambapo cha kwanza kimetolewa bure, na ambazo haziwezi kumuudhi mtoaji. Usalama wa mtu, basi, unategemea unene wa akaunti ya timu yake, na hilo kanuni zenu hazijaligusa.

Nguvu ya mdhamini wa vifaa, kwa kweli, inafika mbali kuliko jezi. Mjini Kigali waendeshaji walivaa rangi za mataifa yao, lakini wale wa timu kubwa walishindana kwa baiskeli za timu zao za kulipwa. Tadej Pogačar alitwaa ubingwa akiwa na jezi ya Slovenia juu ya Colnago, chapa ileile anayoipanda akiwa UAE Team Emirates. Silalamikii hilo, kwani mtu hawezi kubadilisha fremu aliyoizoea kwa ajili ya siku moja. Nalitaja ili ionekane kwamba mkataba wa vifaa humfuata mwendeshaji hata pale ambapo mwajiri wake hayupo.

Tazama jinsi breki za diski zilivyoingia. UCI iliziruhusu rasmi katika mbio za barabarani mwezi Julai 2018. Egan Bernal alishinda Tour ya 2019 kwa breki za rimu, na Pogačar akashinda ya 2020 kwa breki za rimu pia. Wote wawili walikuwa na uwezo wa kupata diski, na mafundi wao walikuwa wamepima uzito na kasi ya kubadilisha gurudumu wakaona bado. Mwanzoni mwa 2021 Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuanza mchezo huu nchini Kenya chini ya David Kinjah, alikuwa amehamia timu nyingine, akaeleza hadharani kwamba hakuwa ameridhishwa na breki hizo. Mimi binafsi nazipenda, hasa kwenye mvua, na nadhani mjadala huo umekwisha. Lakini uliisha kwa sababu viwanda viliacha kutengeneza fremu za aina ya zamani, na kura ya waendeshaji haikuwahi kupigwa. Mshindi wa Tour nne anaweza kusema wazi na dunia ikamsikiliza. Kijana wa miaka 20 aliye katika mkataba wake wa kwanza hana sauti ya namna hiyo.

Katika breki hasara ilikuwa ndogo. Katika rimu zisizo na kulabu inaweza kuwa kubwa, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Rimu ya kawaida ina ukingo uliojikunja kwa ndani kama kulabu, ambao hushika mdomo wa tairi upepo unapolisukuma kwenda nje. Rimu mpya za kaboni zina kuta zilizonyooka. Hutengenezwa kwa urahisi zaidi, kiwanda hupunguza gharama na kaboni mbovu inayotupwa, na tairi pana lisilo na tyubu hukaa vizuri, almuradi masharti yafuatwe: upepo usizidi bar 5 (bar ni kipimo cha msukumo wa upepo), tairi liwe la aina iliyoidhinishwa, na upana wake ulingane na upana wa ndani wa rimu. Masharti hayo yakikosewa kwa milimita chache, hakuna kulabu ya kuokoa. Februari 2024, katika UAE Tour, mbio za Falme za Kiarabu, tairi la mwendeshaji Thomas De Gendt lilitoka kwenye rimu ya aina hiyo akaanguka. Kampuni zilizohusika zilieleza kwamba gurudumu lilikuwa limegonga kitu barabarani, na huenda ndivyo. Lakini Adam Hansen, rais wa chama cha waendeshaji CPA, alipinga hadharani matumizi ya rimu hizo, na UCI yenyewe ikasema italichunguza suala hilo kwa haraka. Waendeshaji waliokuwa na mashaka siku hiyo waliendelea na mbio wiki zilizofuata wakiwa na magurudumu yaleyale, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kwenye gari la timu.

Mheshimiwa Rais, linganisha hali hiyo na yaliyotokea Oktoba 2025. UCI ilipanga kujaribu kikomo cha gia katika mbio za Tour of Guangxi nchini China, kisichozidi uwiano wa meno 54 ya mbele kwa 11 ya nyuma, kwa hoja kwamba kasi kubwa huongeza ajali. Kampuni ya SRAM, ambayo gia yake ndogo ya nyuma ina meno 10, iliona kwamba kipimo hicho kinawapendelea washindani wake. Ikapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Ubelgiji, na siku chache kabla ya mbio hizo jaribio likasimamishwa kwa amri. Sibishani na SRAM. Hoja yake ilikuwa na mantiki, na mimi pia naona kikomo kile hakikuandaliwa vizuri. Ninachokiona ni kwamba mtengenezaji aliyehisi kuumizwa na kanuni ya vifaa alikuwa na mahali pa kubisha hodi, akafunguliwa ndani ya wiki chache. Mwendesha baiskeli anayehisi kwamba kifaa kitamuumiza mwili hana mlango wa namna hiyo: mwajiri wake amefungwa na mkataba.

Kwamba UCI huweza kusikia ikitaka, tumeona katika suala la usukani. Mlipotangaza kipimo kipya cha chini cha upana wake kwa mwaka 2026, waendeshaji wenye mabega membamba, hasa wanawake, walilalamika kwamba wangelazimishwa kushika usukani usiowafaa, nanyi mkalegeza kipimo cha nafasi kati ya mishiko ya breki. Nilifurahi. Ila mliwasikiliza kwa sababu kanuni ilikuwa yenu wenyewe. Kama usukani uleule mpana ungeletwa na mdhamini, malalamiko yao yangeishia kwenye basi la timu.

Msingi wa ombi langu tayari mnao. Oktoba 1996 UCI ilitia saini Hati ya Lugano, iliyosema kwamba katika mchezo huu binadamu atangulie mashine. Kwa jina la msimamo huo mmeweka uzito wa chini wa kilo 6.8 tangu mwaka 2000 na utaratibu wa kuidhinisha fremu tangu 2011. Kabla ya hapo mlimzuia hata Graeme Obree, Mskoti aliyevunja rekodi ya umbali wa kuendesha kwa saa moja mwaka 1993 kwa baiskeli aliyoiunda mwenyewe, ikiwa na beringi za mashine ya kufulia nguo, kwa sababu mkao wake haukuwapendeza. Naomba uniwie radhi, lakini mtu aliyejichagulia vifaa bila mdhamini yeyote alipata ukali wenu wote, ilhali mkataba unaomchagulia mtu vifaa bila kumuuliza haujapata hata kifungu kimoja. Stika ya idhini ya fremu nayo huangalia umbo na vipimo. Haisemi lolote kuhusu tairi gani likae kwenye rimu gani.

Utaniuliza yananihusu nini haya mimi niliye Arusha. Kanuni zenu zinataka kinachotumika mashindanoni kiwe kinauzwa kwa umma, au kiwe njiani kuuzwa. Kwa hiyo kile ambacho mwendeshaji wa Ulaya alikubali bila kuulizwa leo, kesho kiko dukani, na baada ya misimu michache kinatufikia sisi kikiwa kimetumika, ndani ya boksi lisilo na kitabu cha maelekezo. Mafundi wengi wa Nairobi, Kampala na hapa kwetu tulijifunzia kazi kwenye matairi membamba ya barabarani, ambayo tuliyajaza upepo kupita PSI 100 bila wasiwasi. Bar 5 ni kama PSI 72 na nusu. Fundi anayepokea rimu ya kaboni ambayo stika yake imebanduka, akaweka tairi la kawaida lenye tyubu na kulijaza kama alivyozoea, ametega hatari kwa mteja wake pasipo kujua, na mteja huyo huenda akashuka nayo mlima siku hiyohiyo. Katika timu ya kulipwa kuna wahandisi wa kumwonya fundi. Huku anayebaki na swali ni fundi peke yake, na pampu yenye geji isiyoaminika.

Ninachopendekeza kinaweza kuandikwa katika kurasa mbili. Kifungu cha haki ya kukataa kiingizwe katika mkataba wa mfano wa waendeshaji wa kulipwa, kiishie kwenye vitu vinne nilivyovitaja ili wadhamini wasihofu kwamba kila mtu atachagua rangi ya fremu yake, na uamuzi wa asubuhi ya mbio uwe wa mwendeshaji na fundi bila kuhitaji saini ya idara ya masoko. Mdhamini alindwe pia: mwendeshaji aliyekataa aeleze sababu kwa maandishi kwa SafeR, chombo mlichokiunda wenyewe kwa ajili ya usalama, na maelezo hayo yakusanywe, maana malalamiko 20 kuhusu rimu moja yatamfaa mtengenezaji kuliko ukimya. Michanganyiko ya rimu na tairi itakayotumika katika mbio za daraja la juu ijaribiwe na maabara isiyolipwa na muuzaji, na matokeo yake yawekwe wazi kwa kila fundi duniani. Na kikomo cha upepo, pamoja na upana wa tairi linaloruhusiwa, vichongwe kwenye rimu yenyewe kwa namba zinazosomeka badala ya kubandikwa kwa stika, kwa kuwa namba husomwa katika kila lugha.

Nakuomba ulifikishe jambo hili mbele ya kamati yako ya usimamizi na ya SafeR kabla mikataba ya vifaa ya msimu ujao haijasainiwa, na uwaalike katika kikao hicho mafundi wa timu ndogo, ambao ndio wanaofunga matairi hayo kwa mikono yao kila asubuhi.

Wako mtiifu,

Fundi wa baiskeli za mashindano,
Arusha, Tanzania.