Kila seva iwe na idara inayoilipia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakurugenzi, wahasibu wenzangu na vijana wa TEHAMA juu ya ankara ambayo siku hizi inaingia katika ofisi nyingi kila mwanzo wa mwezi, inalipwa kwa dola, na mara nyingi hakuna mtu hata mmoja ofisini anayeweza kueleza kwa ukamilifu imetokana na nini. Nazungumzia ankara ya huduma za wingu, yaani seva (kompyuta zinazoendesha mifumo ya ofisi), hifadhidata na nafasi za kuhifadhia mafaili ambazo tunazikodi kwa kampuni za nje badala ya kununua mashine na kuziweka kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Zamani seva ilipohitajika, idara iliandika maombi, watu wa ununuzi wakashindanisha bei, mkurugenzi akasaini, na mashine ilipofika ikabandikwa namba ya mali na kuingizwa kwenye rejesta. Tangu Amazon ilipoanza mwaka 2006 kukodisha hifadhi na seva kupitia intaneti, na wengine wakafuata, ununuzi huo umehamia mikononi mwa mhandisi wa programu, ambaye anaweza kuwasha seva kumi kabla ya chai ya saa nne bila hati yoyote kupita mezani kwa mhasibu. Wepesi huo siulalamikii, maana ndiyo faida yenyewe. Ninacholalamikia ni kwamba kazi ilihama lakini rejesta ikabaki ilipokuwa.

Waliowahi kupanga kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya umeme watanielewa haraka. Mwenye balbu moja na redio anachanga sawa na mwenye friji la kugandisha barafu za kuuza, na kwa kuwa mchango ni sawa, mwenye friji haoni sababu ya kupunguza matumizi, na mwenye balbu anaishi na kinyongo. Ofisi nyingi zinagawana ankara ya wingu kwa mtindo huo huo: jumla inagawanywa kwa idadi ya idara, au inabebeshwa TEHAMA yote, na mwisho wa mwaka TEHAMA inaonekana ndiyo inayokula fedha ilhali seva zenyewe zinafanya kazi za mauzo, mikopo na huduma kwa wateja.

Pa kuanzia ni lebo. Kampuni zote kubwa zinazokodisha huduma hizi humruhusu mteja kubandika lebo kwenye seva, diski au hifadhidata, ikionyesha idara, mradi, msimamizi, na kama kitu hicho ni cha kazi halisi au cha majaribio, kisha gharama zikachambuliwa kwa lebo hizo, kama vile fedha za serikali zinavyofuatwa kwa fungu na kasma. Hata hivyo, lebo bila nidhamu hazisaidii. Ofisini kwetu tulipochambua ankara kwa mara ya kwanza tulikuta idara moja imekuwa idara tatu, kwa sababu mmoja aliandika "Mauzo", mwingine "mauzo" na wa tatu "MAUZO", na mfumo unahesabu herufi kubwa na ndogo kuwa vitu tofauti. Tangu siku hiyo majina yanachaguliwa kwenye orodha moja iliyokubaliwa, na mfumo umepangwa ukatae kuwasha kitu kisichokuwa na lebo. Sharti hili liwekwe mapema kabisa, kwa maana lebo iliyobandikwa leo haiwezi kueleza matumizi ya mwezi uliopita.

Jioni moja tulikaa, mimi na mhandisi wetu, tukapitia ankara mstari kwa mstari. Tulikuta diski ambazo seva zake zilifutwa siku nyingi. Alinieleza kwamba seva ikizimwa malipo ya seva husimama lakini ya diski huendelea, na kwamba hata seva ikifutwa diski ya ziada inaweza kubaki, ikatozwa kila mwezi kwa ukubwa wake, iwe ina kitu ndani au haina. Tulikuta pia anwani za intaneti, yaani namba zinazotambulisha mashine mtandaoni, zisizounganishwa na chochote, nazo zinalipiwa. Huko Amazon, kwa mfano, tangu Februari 1, 2024 kila anwani ya umma ya aina iitwayo IPv4 inatozwa nusu senti ya dola kwa saa, ambayo kwa mwezi ni zaidi kidogo ya dola 3.60. Ni fedha ndogo mpaka uzihesabu anwani. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba aliyeanzisha mradi wa diski zile alikuwa ameshahama kampuni, na hakuna aliyethubutu kuzifuta kwa kuogopa kwamba huenda ndani yake kuna kumbukumbu za wateja. Msimamizi angekuwa ameandikwa, swali lingejibiwa kwa simu moja.

Gharama za pamoja ndizo zinazogombanisha watu. Hifadhidata inayotumiwa na idara tatu haiwezi kubandikwa jina la moja. Hapo inabidi kupima, kwa mfano kwa idadi ya maombi ya taarifa ambayo kila mfumo unaitumia hifadhidata hiyo au kwa nafasi ambayo taarifa zake zimechukua, na kugawa kwa kipimo hicho. Kuna pia gharama ya kusafirisha data, ambayo wakuu wengi wa idara hawaijui: kuingiza data kwenye wingu kwa kawaida ni bure, lakini kuitoa kwenda nje kunatozwa kwa kila gigabaiti. Tawi linalopakua upya ripoti ile ile nzima kila asubuhi, pamoja na picha zote za vitambulisho vya wateja, linaongeza ankara bila kujua, na halitajua mpaka mtu aiweke hesabu hiyo mbele yake. Ada ya msaada wa kiufundi na mengine yasiyopimika yagawanywe kwa uwiano wa matumizi ya kila idara, na kanuni hiyo iandikwe kabla mwaka wa fedha haujaanza ili asiwepo wa kuibadilisha mwezi ambao haikumfaa.

Kwenye punguzo nina msimamo wangu. Mteja akiahidi kutumia kiasi fulani kwa mwaka 1 au miaka 3, bei hushuka sana, lakini punguzo hilo kwa kawaida huenda kwa mashine yoyote inayolingana na masharti ndani ya akaunti zote za kampuni, kwa hiyo idara moja inaweza kuingia ahadi na idara nyingine ikavuna nafuu. Naona ahadi hizi ziingiwe na ofisi ya fedha kwa niaba ya wote, na kila idara itozwe kwa bei ya wastani, kwa kuwa idara ndogo haina matumizi ya kuiwezesha kuahidi peke yake, na ahadi isiyotumika ni hasara ya kampuni nzima.

Halafu kuna dola. Katikati ya mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,700 kabla ya kushuka tena. Idara iliyotumia dola 1,000 kwa mwezi iliona gharama yake ikipanda kwa takribani shilingi 400,000 bila kuongeza hata seva moja. Kumwita mkuu wa idara hiyo kujieleza kwa kuvuka bajeti ni kumwonea. Taarifa ya kila mwezi itenganishe mambo haya mawili: matumizi kwa dola, ambayo idara inawajibika nayo, na tofauti ya kubadilisha fedha, ambayo ibaki kwa ofisi ya fedha.

Nawasihi wakurugenzi wasianze kwa kuzikata idara fedha. Kwa miezi michache zionyeshwe tu kiasi zilichotumia, zipewe nafasi ya kupinga hesabu, lebo zirekebishwe, na hapo ndipo makato yaanze. Hesabu zetu za mwezi wa kwanza zilikuwa na makosa mengi, nayo yaligunduliwa na wakuu wa idara wenyewe, mimi sikuyaona. Kwa taasisi zinazokodi kwa watoa huduma wawili au zaidi, upo sasa utaratibu wa pamoja wa kupanga takwimu za ankara uitwao FOCUS, ambao toleo lake la 1.0 lilitolewa Juni 2024 na FinOps Foundation, shirika linaloshughulikia usimamizi wa gharama za wingu, na unapunguza taabu ya kulinganisha ankara zenye lugha tofauti.

Kwetu sisi bado kuna diski mbili zisizo na mwenyewe. Nimewaandikia wakuu wote wa idara nikiomba majibu kabla ya tarehe 30, na mhandisi ameshaandaa nakala ya akiba ya kilichomo ili, asipotokea anayezidai, zifutwe bila kupoteza taarifa ya mteja yeyote.

Mhasibu wa kampuni binafsi,
Dar es Salaam