Barua kwa mwanangu: boti nimeiona, maji je?

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Sisi hatujambo, isipokuwa babako na goti lake. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu kila nikianza la maana unaniambia, "Mama, mtandao unakatika," na mtandao huo haukatiki ninapouliza habari za wajukuu.

Picha za boti unayotaka kununua nimeziona. Dadako alinikuzia kwenye simu yake nikazitazama moja moja. Futi 21, ya faiba, kijichumba omoni, yaani mbele, na godoro lake, na trela juu yake. Nzuri, sikatai. Mtoto wangu kununua chombo kwa jasho lake si jambo dogo, na majirani nimeshawaambia, ingawa paa la jikoni uliloahidi tangu mfungo lingali linavuja. Haya.

Lakini ile picha ya nanga hukuitazama. Nanga ile ingali na karatasi ya bei ya dukani. Yule bwana anayekuuzia amekaa na boti ziwani Naivasha miaka yote hiyo, nanga yake haijagusa tope. Anajisifu kwamba boti haijaona chumvi. Kweli, na kupwa kwa maji pia haijakuona. Ziwani akiifunga kwenye gati jioni, asubuhi anaikuta pale pale, kimo kile kile. Wewe unataka kulala na watoto katika hori la Mtwapa, ule mkono wa bahari, halafu Kilifi, halafu eti Wasini. Usiku nani ataangalia maji?

Umezaliwa Mombasa lakini umekulia bwenini na Nairobi. Bahari unayoijua ni ya mchana wa sikukuu. Mimi ni binti wa mvuvi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huku kwetu hujaa mnamo saa kumi alasiri yakapwa mnamo saa nne usiku, na kati ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita tatu. Kwa hivyo utafika jioni, utaona maji yamejaa mpaka kwenye mikoko, pametulia, utatia nanga, mkeo atapakua chakula. Saa nne watoto wamelala na boti nayo imelala, ubavu kwenye tope, sufuria na mabegi yamemiminika upande mmoja. Tena ikiwa tope, shukuru. Ikiwa ni jiwe au kisiki cha mkoko, faiba itapasuka, na habari hiyo utaipata maji yakirudi, gizani.

Ukisema utakaa kwenye kina, basi tuje kwenye kamba. Tuseme maji yamepwa, kina ni mita 3. Yakijaa yatapita mita 6, na kutoka majini hadi omoni weka mita 1, hiyo ni 7 na kitu. Kamba iwe mara tano ya hapo, na usiku mara saba ndiyo yenye usingizi. Kwa hivyo unataka mita 50, na pale inaposhikana na nanga pawe na mnyororo, ili nanga ivutwe kwa chini isinyanyuliwe. Ile aliyokupa yule bwana haitoshi kuanikia nguo zangu.

Babako yeye furaha imemzidi. Tangu juzi anauliza mashini ni ya nguvu za farasi wangapi. Ameniamuru niyaandike haya, nami nayaandika kama alivyosema. Kabla hujatoa pesa, shika mguu wa mashini uuinue na kuushusha. Pale tezini, yaani nyuma, inapofungwa mashini pakicheza, ondoka, kwa sababu ndani ya faiba mna mbao, na maji hupenya kwenye matundu ya skurubu zikaoza huku nje pang'aa. Gonga pote kwa mpini wa bisibisi usikilize. Palipo pazima palia kavu, palipooza pana sauti ya kufifia. Matairi ya trela yana tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka: 1214 ni wiki ya 12 ya mwaka 2014, nawe usilivute tairi hilo kutoka Naivasha mpaka huku katikati ya malori. Na ukifika pwani usiitumbukize trela papo hapo. Magurudumu yametoka njiani yana moto, na yakiingia majini ghafla hufyonza maji ya chumvi mpaka kwenye beringi. Kaeni, mnywe chai kwanza, yapoe.

Yote hayo ya babako ni mazuri, lakini ni ya mchana. Ubao mbovu utauona, tairi utalibadilisha. Mimi nauliza la usiku na hujanijibu. Yule mwanao mdogo huamka usingizini akaenda chooni macho yamefumba. Nyumbani kwenu anajua ukuta. Ndani ya boti akitoka mlangoni atashika nini? Majaketi ya kuokolea usinunue ya saizi ya wakubwa ukasema atakua. Kila mtoto na lake, la uzito wake, na hili la mdogo alivae hata akilala juu. Wala mkeo asiwashe jiko la gesi ndani ya kijichumba. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa ngamani, chini kabisa ya boti, ikingoja kiberiti.

Karatasi pia. Uiandikishe kwa Kenya Maritime Authority waikague, usiniambie mwenye kuuza alisema haina haja.

Nikikwambia usinunue hutanisikia, tangu udogo wako uko hivyo, na babako anakucheka tu kwa sababu mmefanana. Kwa hivyo nunua. Lakini usiku wa kwanza uwe wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, si wa bamvua, na upepo wa kusi uwe umekwisha. Lala Mtwapa tu, ndani, na umchukue mjomba wako. Najua mnasemeshana kwa shida tangu lile jambo la shamba, nami sikulisimamia nilivyopasa. Mpigie hata hivyo. Hana haja ya kitabu cha majira ya maji, lakini wewe kinunue. Watoto wabaki kwangu usiku huo, nitawapikia mkate wa sinia.

Sasa, unasema boti itakaa uani kwetu. Umefikiri? Pale pana tangi, pana kuku, na kamba zangu hizo hizo. Na mashini ikitoka baharini yataka kusukumwa maji baridi, yasiyo na chumvi, dakika kumi, na boti na trela zioshwe zote. Mfereji huku hutoka ukipenda, kisima chetu kina chumvi, ya kunywa tunanunua kwa madumu kwa wenye mikokoteni. Boti yako itaoga na mimi nipikie nini? Ukiileta, leta na tangi la pili, la lita elfu moja kwa uchache, na fundi wa kulipandisha.

Dadako anakusalimu, anasema pesa za ada zimefika. Mwambie mkeo lile deli lake liko hapa, nimelisugua.

Babako asubuhi hii amelipima lango kwa fimbo yake. Anasema trela itapita tukibomoa nguzo moja. Mimi sijakubali.

Mamako