Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Wazee wetu, ndugu wanachama, watu wa Lindi tunaoishi Dar es Salaam,

Hesabu za ada na rambirambi atazisoma mweka hazina. Mimi nina jambo moja, lile lililotutoa hela na maneno kuliko yote mwaka huu: simu za usiku kutoka nyumbani Lindi.

Hakuna asiyezijua hapa Mbagala. "Dada kashikwa uchungu, tumeni hela ya gari." Unatuma, na ya kutolea juu yake, kumbe wakala kafunga na mwenye gari anataka taslimu. Kamati imebadili utaratibu. Mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga asingoje mchango wetu. Nyumbani wapige 115 kwanza. Ni bure. Hiyo ndiyo m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa akina mama na watoto wachanga, iliyozinduliwa kitaifa 2022. Anayepokea simu hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, huitwa dereva wa kijijini mwenye mkataba, naye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Familia haidaiwi kitu.

Mfuko wetu wa dharura umebaki kwa wengine, kama mzee aliyezidiwa na presha au aliyeanguka mnazini. Nauli sasa inaingia kwenye namba ya dereva, haipitii kwa ndugu. Wapo walionuna. Lakini hospitali ya CCBRT, hapa hapa Dar es Salaam, walianza kusafirisha wagonjwa wa fistula (jeraha la uzazi linalovujisha mkojo au haja) kwa nauli ya M-Pesa tangu 2009, na aliyekuwa akiipokea ni balozi wao, yaani mtu wao aliyeko huko huko kwa mgonjwa, ndiye aliyekata tiketi.

Ilikuja hoja tuwanunulie simu janja wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Niliipinga, na bado naipinga. Kati ya 2009 na 2010 zahanati za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini zilituma ujumbe mfupi kila wiki kueleza dawa za malaria zilizobaki. Wahudumu walitumia simu zao wenyewe, na aliyejibu alirushiwa vocha. Ndani ya wiki 21, vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Kitochi kilitosha, kwa sababu wilayani kulikuwa na mtu anayesoma ujumbe na kuhamisha dawa. Kwa hiyo fedha zetu zimenunua sola za kuchajia na vocha.

Mei, maji yalipokata barabara pale Somanga, simu ziliita na hela zilifika, magari hayakupita. Hilo lina wenyewe, na barua tumewaandikia.

Picha za wagonjwa kwenye grupu la WhatsApp zikome. Mtu yuko kitandani, kanga imemtoka, nasi tunaandika "pole sana" chini yake! Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ingawa nadhani kuona haya peke yake kungetosha.

Limebaki moja ambalo kamati haikukubaliana: je, mfuko ulipe pia nauli ya anayemsindikiza mgonjwa? Mweka hazina anasema hautabeba. Akina mama wanasema mgonjwa hasafiri peke yake. Nalileta mezani, tupige kura kabla ya chakula.

Mwenyekiti