Nairobi hadi New York si safari ya saa 7

Nairobi,
22 Januari

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

KUH: MUDA NA UMBALI WA SAFARI ULIOANDIKWA KIMAKOSA

Bwana/Bibi,

Mwezi huu nilimnunulia mama yangu tiketi kwenu, ndege ya moja kwa moja kutoka uwanja wa JKIA, Nairobi, hadi uwanja wa JFK, New York. Ukurasa wenu uliandika: kuondoka 23:55, kufika 06:55, muda saa 7, umbali kilomita 7,350. Nikapiga hesabu ya haraka kwa ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa, nikaona zinakaribiana, nikalipa.

Mama ana miaka 71, ana kisukari, na hakuwa amewahi kupanda ndege. Dawa ya jioni aliimeza nyumbani. Ya asubuhi tukasema ataimeza akishatua, kwa hiyo pakiti nzima ikaingia kwenye sanduku kubwa lililopimwa kaunta. Saa moja asubuhi ya Nairobi alijitanda leso yake, akapakata mkoba, akamuuliza mhudumu kama wanashuka. Anasema ramani ya kwenye skrini ilikuwa bado inaonyesha jangwa. Zilikuwa zimebaki saa nane.

Nilipowaandikia, mlinijibu kwamba muda "unalingana na saa za kuondoka na kufika". Hapo ndipo niliposhangaa zaidi. Hiyo 06:55 ni saa ya New York, na Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Programu yenu imetoa saa ya huku kwenye saa ya huko kana kwamba miji yote miwili inatazama saa moja ya ukutani. Safari ni saa 15. Tena hizo 7,350 ni maili, mkazibandika jina la kilomita. Kwa kilomita ni takriban 11,800. Ndiyo maana sikushtuka mapema: kosa moja lilikuwa linalitolea jingine ushahidi.

Mkibisha, tazameni tiketi yake ya kurudi mwezi ujao. Kuondoka 12:30 mchana, kufika 10:30 kesho yake, nanyi mmeandika saa 22. Njia ni ile ile! Ukweli ni kwamba kurudi ndiko kufupi, kama saa 14, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Dawa ilipaswa kukaa mkobani hata kwa safari fupi. Hilo ni kosa langu, silikani. Lakini muda nilioutegemea niliupata kwenu.

Naomba mrekebishe ukurasa huo kabla mama hajarudi, muwaarifu wote mliowauzia tiketi za njia hii, na mnirudishie ada yenu ya huduma. Barua ya kuomba radhi muiandike kwa Kiswahili, na muielekeze kwa mama, si kwangu.

Wenu,
Mteja