Idi pili iwe siku ya kutembeleana Ujiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na Waislamu wenzangu wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, hasa kamati za misikiti, kuhusu namna tunavyosherehekea Idi. Miaka ya karibuni sikukuu hii imekuwa ikitugawa. Wapo wanaofuata mwandamo wa Makka na wapo wanaosubiri tangazo la Mufti, na mara nyingine katika ua mmoja pale Kitongoni pilau inaungwa kwenye jiko la nyumba hii ilhali watu wa nyumba ya pili bado wamefunga. Nani yuko sahihi ni suala ninalowaachia masheikh, kwani sina elimu yake. Ninachosemea ni yale yanayofuata baada ya swala, ambapo kila kundi hula na watu wake na kutembelea watu wake, mpaka sikukuu ikaisha.

Mpwa wangu anaishi Köln, Ujerumani, katika jengo lenye familia kadhaa za Kituruki, na masimulizi yake ndiyo yaliyonifanya niandike. Waturuki walianza kwenda kule kwa wingi baada ya mkataba wa kuajiri wafanyakazi uliotiwa saini Oktoba 1961, wengi wao wakiwa wanaume waliowaacha wake na watoto nyumbani, wakiamini kuwa wangekaa muda mfupi tu na kurejea kwao. Mahali pa kuswalia palikuwa pa shida. Tarehe 3 Februari 1965 mamia kadhaa ya Waislamu, wengi wao wakiwa vibarua hao wa Kituruki, waliswali Idi ndani ya kanisa kuu la Köln, tena kwa ridhaa ya wenye kanisa, jambo ambalo hapa kwetu lingejadiliwa barazani hadi Ramadhani nyingine. Siku hizi mji huo una msikiti mkubwa wa Waturuki, uliozinduliwa rasmi mwaka 2018.

Mzozo wetu wa mwezi nao wanao. Waturuki wengi hufuata kalenda ya mamlaka ya dini ya Uturuki, inayopangwa kwa hesabu za falaki, hivyo siku ya Idi huijua mapema kabisa, wakati Waislamu wenye asili ya Morocco au ya nchi nyingine za Kiarabu huenda wakaswali siku tofauti katika mji huohuo. Hata hivyo, Idi yao ya kumaliza mfungo ni ya siku tatu na ile ya kuchinja ni ya siku nne, na nafasi hiyo wanaitumia. Siku ya kwanza ni ya wazee: kijana humbusu mzee mkono, kisha huugusisha mkono huo kwenye paji la uso wake, na watoto hutoka pale na peremende au sarafu mfukoni. Siku zinazofuata ni za ndugu wa mbali, marafiki na majirani, na Mjerumani wa ghorofa ya juu naye hupelekewa sahani yake. Mpwa wangu, ambaye huswali na kundi jingine, hualikwa humo kila mwaka, na hakuna anayemuuliza yeye ameswali lini.

Wanayafanya hayo katika nchi ambayo Idi si sikukuu ya taifa, na ambayo sheria yake hairuhusu mnyama kuchinjwa bila kuzimishwa kwanza isipokuwa kwa kibali maalumu, kiasi kwamba familia nyingi hutuma fedha ili mnyama wao achinjwe nchi nyingine, Tanzania ikiwemo. Sisi tunaochinja uani kwetu na kupumzika kwa amri ya Serikali hatuna udhuru.

Pendekezo langu ni dogo. Idi el Fitri ina siku mbili za mapumziko, na hata tukitofautiana kwa siku moja, Idi pili hutukuta sote tumekwisha kufungua. Siku hiyo itengwe kuwa ya kutembeleana baina ya misikiti, pasiwe na hotuba wala mgeni rasmi, bali masinia yatoke yakiwa yamefunikwa kawa kama ilivyokuwa kawaida ya Ujiji, na majirani zetu Wakristo, ambao Krismasi hawatusahau, wapate fungu lao. Kamati zikikubaliana, tangazo litolewe katika Ijumaa za mwisho za Ramadhani. Nashauri pia kwamba kabla ya kupanga lolote zikae kwanza na akina mama wa kila mtaa, kwa kuwa wao ndio watakaopika, na haitakuwa haki waje kusikia msikitini idadi ya wageni ambao hawakuulizwa kama wanawaweza.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma.