Kodi ya mshahara: tutazame mipaka ya ngazi, si asilimia peke yake

Ndugu Mhariri,

Bajeti ya Juni ikikaribia, hoja ya kodi ya mshahara hurudi kwa sura ile ile. Wafanyakazi wanadai PAYE, yaani kodi ambayo mwajiri anaikata kwenye mshahara, ishuke, Serikali inajibu kwamba mapato yatapungua, na mabishano yanaishia kwenye asilimia. Naandika kutoka Mwanza kuomba mjadala uhamie kwenye mambo mawili yanayoamua nani anapata nafuu na Hazina inabaki na nini: mpaka wa kila ngazi umewekwa wapi, na kipato gani kimeachwa nje ya jedwali.

Jedwali la Tanzania Bara liko hivi. Kwa mwezi, ukishatoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi milioni moja asilimia 25, na juu ya milioni asilimia 30. Kila asilimia inagusa kipande chake tu. Aliyevuka 520,000 kwa shilingi 10,000 analipa 2,000 juu ya hizo 10,000, na kilicho chini yake hakibadiliki. Wapo wanaoamini kwamba nyongeza ndogo "ikikuvusha daraja" inakupunguzia mshahara mkononi. Kwa PAYE haiwezekani. Ukiona mshahara umepungua baada ya kupandishwa, kagua makato mengine, kama marejesho ya mkopo wa elimu ya juu ambayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, au muulize mhasibu wako alivyokokotoa.

Chukua mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara anayelipwa 900,000. Mchango wa NSSF, mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ni 90,000, zinabaki 810,000. Kodi yake ni 68,000 ya ngazi za chini pamoja na asilimia 25 ya 50,000, jumla 80,500. Hiyo ni karibu asilimia 9 ya mshahara wote. Meneja wa milioni 10, baada ya NSSF ya milioni moja, analipa 2,528,000, kama asilimia 25. Kwa hiyo jedwali lenyewe linapandisha mzigo kadiri kipato kinavyopanda, na hilo ni jema. Kasoro zinaanza linapobadilishwa, na linapoachwa bila kubadilishwa.

Tazama mageuzi ya Julai 2020, yaliyotangazwa kama nafuu kwa wa kipato cha chini. Kiwango kisichotozwa kilipanda kutoka 170,000 hadi 270,000, na mipaka mingine yote ikapanda nacho. Ngazi ya asilimia 30, iliyokuwa ikianzia 720,000, ikaanzia milioni moja. Ngazi ya kwanza ilikuwa asilimia 9 wakati huo. Piga hesabu kwa kipato kinachotozwa kodi: wa 300,000 alikuwa analipa 11,700, akashuka hadi 2,700, nafuu ya 9,000. Wa 500,000 alipata nafuu ya 24,400. Wa milioni moja alipata 51,600, na wa milioni 20 alipata 51,600 hizo hizo. Mwaka uliofuata asilimia 9 ikawa 8, punguzo lisilozidi shilingi 2,500 kwa mwezi kwa mtu yeyote. Na yule aliyekuwa chini ya 170,000 hakupata chochote katika yote mawili, kwa sababu hakuwa analipa PAYE tangu mwanzo. Sisemi mageuzi yale yalikuwa mabaya. Nasema sehemu kubwa ya fedha ambayo Hazina iliiachia haikwenda kwa mtu ambaye jina lake lilitumika kuyatetea.

Hatari ni kulirudia hilo. Tuseme mwaka huu pendekezo ni kuongeza 100,000 kwenye kiwango kisichotozwa, kiwe 370,000. Kuna njia mbili, na kwenye hotuba ya bajeti zinasikika kama moja. Ya kwanza ni kusogeza jedwali zima kwa 100,000. Hapo wa 350,000 anaokoa 6,400, wa 600,000 anaokoa 17,600, wa 900,000 anaokoa 25,000, na kila aliye juu ya 1,100,000 anaokoa 30,000. Ya pili ni kupanua kiwango kisichotozwa tu, na kuiacha mipaka ya 520,000 na kuendelea ilipo. Hapo nafuu haizidi 8,000 kwa mtu yeyote, awe mlinzi au mkurugenzi. Wa 350,000 anabaki na 6,400 zake zile zile. Tofauti yote ya gharama kati ya njia hizi mbili inakwenda kwa walio juu yake.

Majirani zetu wa ziwa hili hili wana mifano ya kutazama. Kenya inatoza asilimia 10 kuanzia shilingi ya kwanza hadi 24,000 za kwao, kisha kila mlipakodi anapunguziwa 2,400 kwenye kodi yenyewe. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, hivyo wa chini halipi, na ukitaka kumwongezea nafuu unapandisha ile 2,400 bila kugusa ngazi za juu. Tangu Julai 2023 wameongeza pia asilimia 32.5 juu ya 500,000 na 35 juu ya 800,000 kwa mwezi. Uganda inaongeza asilimia 10 nyingine juu ya 30 kwa kipato kinachozidi milioni 10 za kwao kwa mwezi. Sisi, ukishavuka milioni moja, ngazi zimekwisha: wa 1,100,000 na wa milioni 20 wanakatwa asilimia 30 ile ile kwenye shilingi yao ya mwisho.

Pendekezo langu ni njia ya pili niliyoitaja, pamoja na ngazi mpya ya asilimia 35 kwa kipato kinachotozwa kinachozidi milioni 5 kwa mwezi. Anayepata 5,160,000 atakuwa amerudisha nafuu yake yote ya 8,000. Wa milioni 10 ataongeza 250,000. Watasema matajiri watajilipa gawio badala ya mshahara. Hesabu haiwaungi mkono. Faida ya kampuni inatozwa asilimia 30, na gawio la kampuni isiyoorodheshwa kwenye soko la hisa linakatwa asilimia 10: katika kila shilingi 100 zinabaki 63, sawa na kodi ya 37. Asilimia 35 kwenye mshahara iko chini ya hapo. Mwanya wa kweli ni mwingine: mwajiriwa anageuzwa kwenye karatasi kuwa mtoa huduma, anakatwa kodi ya zuio (ile anayoikata mlipaji kabla ya kulipa) ya asilimia 5, kisha hapeleki ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, ya mwisho wa mwaka. Bila ukaguzi wa mikataba ya namna hiyo, ngazi mpya itavuja kuanzia mwezi wa kwanza.

Kuliacha jedwali lilivyo nako ni uamuzi wa kodi. Mfumuko wa bei wa asilimia 3.5 tu kwa mwaka, ukijikusanya miaka 5, unafika karibu asilimia 19. Kwa kipimo hicho, thamani ya 270,000 ya mwaka 2020 ingehitaji kama 320,000 miaka mitano baadaye. Kima cha chini cha utumishi wa umma kilipopandishwa Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, mipaka ilikuwa ile ile. Kabla, ukitoa asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, kodi ilikuwa 6,520. Baada ya hapo ikawa 16,400. Mshahara ulipanda kwa asilimia 35, kodi ikapanda kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Sheria iseme wazi kwamba kiwango kisichotozwa kinapitiwa kila baada ya miaka miwili kwa kufuata mfumuko wa bei. Hazina itajua mapema inaachia kiasi gani, na mfanyakazi hatakatwa zaidi bila Bunge kuamua.

Sasa nije kwa wasio na mshahara, ambao ndio wengi huku kwetu. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, anaangukia kodi ya makadirio, inayohesabiwa juu ya mauzo, siyo faida. Jedwali la Sheria ya Fedha ya 2022 haligusi mauzo hadi milioni 4. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Kati ya milioni 7 na 11 analipa 250,000. Juu ya milioni 11 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote. Hapa, tofauti na PAYE, kuvuka mpaka kunaumiza kweli. Shilingi moja ya mauzo juu ya milioni 7 inaleta kodi ya 150,000 zaidi. Hata anayetunza kumbukumbu, akifika milioni 11 anadaiwa 210,000, akizidisha kidogo anadaiwa 385,000. Milioni 11 kwa mwaka ni mauzo ya kama 30,000 kwa siku. Ni genge la kawaida la Buzuruga au Igoma. Nani atashangaa kwamba watu wanaacha kutoa risiti mauzo yakikaribia hapo?

Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye biashara zenye faida nyembamba. Tuchukue mauzo ya dagaa ya milioni 60 kwa mwaka: milioni 48 ni ununuzi kutoka visiwani, milioni 6 ni magunia, boti, ushuru, vibarua na mzigo ulioharibiwa na mvua kabla haujakauka. Faida ni milioni 6. Kodi ya makadirio ni 2,100,000, yaani asilimia 35 ya faida, juu ya kiwango cha mwisho cha mkurugenzi yeyote wa jiji hili. Mwenye saluni mwenye mauzo hayo hayo na faida ya milioni 24 analipa 2,100,000 pia, chini ya asilimia 9 ya faida yake. Mwajiriwa mwenye kipato kinachotozwa cha milioni 6 kwa mwaka analipa 220,800.

Sheria inamruhusu mfanyabiashara kujitoa kwenye makadirio na kutozwa kwa faida, kwa jedwali la watu binafsi. Kwa mchuuzi wetu ingekuwa 220,800 hizo hizo. Kwa nini wengi hawafanyi hivyo? Kwa sababu lazima uwasilishe hesabu, na gharama isiyo na ushahidi inakataliwa. Mvuvi wa Ukara au Kome hatoi risiti ya EFD, mashine ya kodi. Milioni 48 za ununuzi zikikataliwa, inaonekana umepata faida ya mamilioni usiyoyajua. Anayetaka njia hii aanze Januari, asingoje kuitwa: daftari la manunuzi lenye tarehe, idadi ya magunia, bei, jina na saini ya muuzaji, malipo yapite kwenye simu au benki ili yaache alama, stakabadhi za ushuru wa mwaloni na nauli za boti zitunzwe pamoja. Na mwalimu au muuguzi mwenye duka pembeni ajue kwamba makadirio ni ya yule ambaye kipato chake chote kinatokana na biashara. Faida ya duka lake inaongezwa juu ya mshahara.

Kwa Serikali, marekebisho ni mepesi. Asilimia 3.5 itozwe kwenye kinachozidi milioni 11 tu, juu ya zile 210,000, na ule ukuta utaondoka. Kwa biashara ya mazao na samaki wabichi au wakavu, kiwango kiwe cha chini zaidi. Kila mlipaji wa juu ya milioni 11 atapunguziwa kodi ya 175,000, lakini anayeficha mauzo leo ili abaki chini ya mpaka hatakuwa tena na sababu ya kuuogopa.

Upande mwingine wa kipato umekaa kimya. Mwenye milioni 300 kwenye hati fungani za Serikali za muda mrefu, kwa kuponi, yaani riba, ya asilimia 12 kwa mwaka, anapata milioni 3 kwa mwezi na riba hiyo imesamehewa kodi. Mwenye nyumba za kupangisha Isamilo anayepokea milioni 3 anakatwa zuio la asilimia 10, 300,000, pale linapokatwa. Mwajiriwa mwenye kipato kinachotozwa cha milioni 3 analipa 728,000. Najua Serikali inasamehe riba ili ikope kwa unafuu, na sababu hiyo ina uzito. Msamaha ungeweza kuwekewa kikomo, tuseme milioni 10 za riba kwa mwaka, ili mwekaji mdogo alindwe na mkubwa achangie. Posho nazo zitazamwe: posho ya nyumba na ya usafiri ya mtumishi wa Serikali haitozwi, ya mwenzake wa sekta binafsi inatozwa. Kwa posho ya 400,000 juu ya mshahara unaozidi milioni, tofauti ni 120,000 kila mwezi kati ya watu wawili wanaofanya kazi ile ile mtaa mmoja.

Haya yote yana uzito kwa sababu kodi ya mapato hupunguza pengo la kipato kwa kadiri inavyokusanya. Jedwali lenye asilimia kali likikusanya kidogo, pengo halisogei, na Hazina inarudi kwenye VAT ya asilimia 18, ambayo kibarua wa mwaloni anailipa kwenye sabuni hata kama PAYE haimfikii.

Ombi langu kwa gazeti lako, Mhariri: Waziri wa Fedha akishasoma bajeti Dodoma, chapisheni siku inayofuata hesabu ya mishahara mitano, 300,000, 500,000, 900,000, milioni 3 na milioni 10, kodi ya zamani na mpya ubavuni kwa ubavu, na chini yake wafanyabiashara wawili wenye mauzo sawa na faida tofauti. Robo ukurasa inatosha, na wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa watakuwa nayo mkononi kabla Muswada wa Sheria ya Fedha haujapitishwa.

Mhasibu wa mishahara,
Ilemela, Mwanza