Risala ya wapishi na wachuuzi wa vyakula wa mji wa Kwale kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Chifu, wazee wa mtaa, mama zetu, vijana wetu, itifaki yote imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na zaidi kwa kufika. Tunalitaja hilo la kufika kwa sababu wako waliokubali.

Mji wetu hauhitaji maelezo marefu, ingawa wageni wengi wakisikia Kwale hufikiria Diani. Kwale yenyewe iko huku juu, kwenye vilima vya Shimba, takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Likoni kuelekea Lunga Lunga, unakunja Kombani na kuanza kupanda. Mkoloni aliweka ofisi zake hapa, zikawa makao ya wilaya, na tangu mwaka 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ndipo makao makuu ya kaunti yenye maeneo bunge manne: Matuga, Msambweni, Lunga Lunga na Kinango. Jirani yetu ni Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa rasmi mwaka 1968, makao ya palahala, aina ya swala ambao huwaoni porini kwingine kokote nchini. Wenye shughuli ofisini hupanda asubuhi na kuteremka jioni, na katikati ya hapo lazima wale. Wanaowalisha ni sisi.

Kuhusu mafanikio, kikundi kimepiga hatua kubwa isiyo na mfano. Tuna viti vya plastiki 100 vya kukodisha, sufuria kubwa nne, na banda hili la mabati ulilokalia chini yake. Tumepanda miche ya miembe, na mingi kati yake ingali hai. Mahamri, mbaazi na viazi karai vya banda hili vinajulikana hadi Kinango.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye maji.

Ndani ya msitu wa Shimba ziko chemchemi za Marere, ambazo zimekuwa zikiinywesha Mombasa tangu enzi za mkoloni. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Mombasa, nao ni wateja wetu. Ila maji hufuata mteremko, na mji huu uko mgongoni mwa kilima. Ili yafike huku lazima yasukumwe kwa pampu, na pampu haiendi bila umeme. Umeme ukikatika, mfereji hukauka. Mfereji ukikauka, tunanunua kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni, kwa bei wanayoitaka wao. Anayekosa pesa huteremka kijitoni, na anayekwenda huko jioni hujua kwamba ndovu nao wana saa zao za kunywa. Mpishi asiye na maji hapunguzi chakula, hupunguza kunawa na kuosha vyombo, na hapo ndipo magonjwa huingia.

Tuliwahi kusaidiwa. Mgeni rasmi mmoja, ambaye heshima yake tunaihifadhi, aliahidi matangi matatu ya lita 10,000. Lilikuja moja. Mawili tunaamini yangali njiani. Lile lililokuja liliwekwa kwa haraka juu ya mchanga na matofali machache, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wanasubiri. Tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10. Masika yaliponyesha, mchanga ulititia upande mmoja, tangi likainama, likapasuka pale bomba la kutolea maji linapoungana nalo. Leo limekatwa, linahifadhi mkaa, na kwa kazi hiyo halijatuangusha.

Hata lingesimama wima, lisingejaa. Gata zilizofungwa kukinga maji ya paa zilikuwa nusu duara za inchi 4. Banda hili lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, yaani kila upande wa paa una mita za mraba 100. Kanuni ya mafundi ni sentimita moja ya mraba ya tumbo la gata kwa kila mita moja ya mraba ya paa. Gata ile ina takriban 40 tu, na ilifungwa bila mteremko. Mvua kubwa ikinyesha, maji yaliruka nje. Ndogo ikinyesha, yalituama na kuzalisha mbu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, safari hii hatuombi tangi. Tunaomba kazi kamili, na kwa ruhusa yako tutaitaja kipande kwa kipande ili asije mtu akatuletea nusu.

Kwanza ni msingi. Matangi matatu, kila moja likae juu ya ukuta wa mawe ya kuchonga wenye kimo cha sentimita 60, ndani pajazwe kokoto na kushindiliwa, juu paje zege ya sentimita 15 yenye wavu wa chuma, mita 2.8 kila upande. Kimo hicho kinatosha mtungi kusimama chini ya mfereji bila kuchimba shimo. Fundi wetu amepiga hesabu ya mifuko 30 ya saruji. Zege iachwe siku 7 ikimwagiwa maji kabla ya tangi kupandishwa, hata kama kuna wapiga picha.

Gata ziwe za mraba, inchi 6 kwa 4, mita 40 kwa pande zote mbili, na vishikio kila baada ya sentimita 60. Mteremko uwe sentimita moja kwa kila mita, kutoka pembe zote mbili kuja katikati, maana ukiteremsha mita 20 kwa mkupuo mmoja, mwisho wa gata unashuka sentimita 20 na maji ya paa yanaipita kwa juu. Kabla ya matangi liwepo pipa la lita 200 lenye mfereji chini, la kupokea maji ya kwanza. Milimita moja ya mvua juu ya paa hili ni lita 200, na hiyo ndiyo inayobeba vumbi, majani ya mwembe na kinyesi cha popo.

Mvua ya milimita 30, ukitoa kinachopotea, hutupa takriban lita 5,000. Masika yatajaza matangi yote bila shida. Lakini hatutaki kukudanganya: lita 30,000 ni mitungi 1,500, na sisi hutumia 25 kwa siku. Hiyo ni miezi miwili, na ukame wa Januari hadi Machi ni mitatu. Ndiyo maana tunaomba pia tuunganishwe na bomba la mji kwa bomba la inchi moja, pamoja na mita na vali ya boya, ili usiku maji yakipanda, matangi yajijaze yenyewe na kujifunga. Bili tutalipa wenyewe.

Mchango wetu ni mchanga, mawe, vibarua na mlinzi. Mchanga uko nyuma ya banda, umekuwa hapo tangu ahadi ile ya kwanza.

Mheshimiwa, Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti huduma hiyo. Tunalisema hili kwa unyenyekevu mkubwa, tukijua unalifahamu kutushinda.

Baada ya chakula, tunakuomba utembee nasi hatua chache ukaone mahali palipopimwa, kamba na vigingi viko tayari. Katibu naye ana kitabu cha wageni. Tumekiongezea safu mbili mpya, moja ya ahadi na nyingine ya tarehe ya kutimizwa. Tunakuomba ujaze zote mbili.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kikundi